Farasi Ishirini na Tano

Injini ya Datsun 1200 ni ndogo. Ukishatoa hedi, kabureta na gia boksi, wanaume wawili walioshiba wanaibeba kutoka kwenye pikapu hadi mezani bila kupumzika. Nissan waliiita A12: silinda nne, sentimita za ujazo 1,171, bloku ya chuma, hedi ya alumini, valvu zinazosukumwa na vijiti kutoka kwa kemushafti iliyojificha chini kwenye bloku. Haina kompyuta wala sensa. Ikikataa kuwaka, unatafuta moto au unatafuta petroli, na vyote viwili unaweza kuvifuata kwa macho na kidole.

Kama umezaliwa baada ya 2000, labda hujawahi kuona moja ikiwa nzima. Wazee wetu waliijua Datsun kupitia vumbi la Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda nayo 1970 na 1971. Shekhar Mehta akashinda 1973, kisha miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gari likishinda mashindano kwenye matope ya Kenya, kila mwalimu mwenye akiba kidogo ya sacco analiota. Sokoro wangu alikuwa mwalimu, na aliliota mpaka akalinunua, mtumba, rangi ya krimu, nambari ya usajili ya zile za kabla ya KAA. Huko Afrika Kusini waliendelea kuunda pikapu hiyohiyo, na injini kubwa kidogo, mpaka 2008. Nawaelewa. Kitu kikifanya kazi, unakibadilisha kwa nini?

Yetu ilikaa chini ya mparachichi hapa Nyacheki miaka sita. Kuku walitaga kwenye kiti cha abiria. Nyasi ziliota kwenye tundu la sakafu, na Magokoro, kwa heshima ya mumewe nadhani, alikuwa akizing'oa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo, muhula ambao karo na bili ya hospitali ya Sokoro vilidaiwa mwezi mmoja. Nikarudi nyumbani na laptopu na kazi ya kuandikia watu wa mbali: maelezo ya viatu, sifa za hoteli ambazo sitawahi kulala, na mara moja maneno 1,500 kuhusu daino, ile mashine ya kupima nguvu za injini. Mteja alipenda. Hakujua kwamba nimeiandika jikoni kwa Magokoro, na kwamba daino nilikuwa nimeiona kwenye video pekee. Gari linafungwa kwa mikanda, magurudumu ya nyuma yanakaa juu ya rola nzito, unakanyaga, na kompyuta inachora mstari unaopanda. Kwa kuandika hivi na hivi nilikuwa nimeweka shilingi 64,000. Zilikuwa za kurudi chuo. Barua ya kuomba kurudi ilikuwa imeandikwa tayari, bado kutumwa tu.

Halafu anko akaja na mnunuzi wa vyuma.

Mkutano ulifanyika nje, kwa viti vya plastiki. Mnunuzi alitembea kuzunguka gari mara moja, akapiga bodi kwa kiganja, akasema 27,000. Anko alikuwa na hesabu yake na haikuwa mbaya: pesa zigawanywe, deni la mazishi lililobaki liishe, na uwanja upate nafasi. Tata hakusema kitu. (Mgeni asichanganyikiwe: kwa Ekegusii tata ni baba mzazi, na "baba" ndiye mama. Hapa nyumbani ukisikia mtoto analia "baba", angalia upande wa jikoni.) Magokoro ndiye aliyeongea mwisho, na alinitazama mimi. Aliuliza kama lile gari linaweza tena kubeba ndizi zake mpaka Kisii, maana kila wiki anamlipa mwenye pikapu nusu ya faida yake. Nikasema sijui, lakini kuna mtu anayejua. Akanipa mpaka bonasi. Kwetu bonasi ni ile ya majani chai, hulipwa karibu na Oktoba. Ilikuwa Juni.

Mtu anayejua ni fundi mmoja ambaye gereji yake ni mabati manne na mti, kando ya barabara ya kuelekea Nyamache. Kila mtu anamwita Omogaka, mzee, basi nami nitamwita hivyo. Alikuja na betri ya mkopo na chupa ya petroli. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapiga stata. Gari liliwaka kwa mara ya tatu na kutoa moshi wa bluu uliowafanya majirani watoke nje. Moshi wa bluu maana yake mafuta ya injini yanaungua pamoja na petroli: ringi zimeisha, au silinda zimeisha, au valvu zimeisha.

"Au zote," akasema Omogaka, bila huzuni yoyote.

Alifunga geji ya kupima mgandamizo kwenye shimo la plagi, silinda moja baada ya nyingine, na mimi nikaandika: 95, 90, 60, 92. Hiyo 60 ilikuwa silinda ya tatu. Kitabu cha gari kinataka nambari kubwa zaidi, lakini hapo nilijifunza jambo ambalo chuo hakikuwa kimefikia. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Geji inasoma hewa iliyogandamizwa, na sisi huku, zaidi ya mita 1,500 juu, tunaanza na hewa chache. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na geji nayo inashuka vivyo hivyo. Omogaka hakuwa na asilimia. Alisema tu, "Nyacheki 140 ni mzima. Mombasa 140 ni mgonjwa." Ameipata hiyo kwa miaka arobaini ya kupima, na mimi nilipoipigia hesabu usiku ikakubali.

Kabla hajaifungua, nilimwomba kitu ambacho alikiona ni upuzi. Nilitaka tuipime nguvu ikiwa hivyo hivyo mgonjwa, ndipo tujue baadaye tumepata nini. Daino ya karibu ninayoijua iko Nairobi, na gari hili halingefika hata Keroka. Lakini daino ni nini kwani? Mfaransa Gaspard de Prony aliunda yake 1821 kwa vipande vya mbao vilivyobana shafti, mkono mrefu na mawe ya mizani. Na James Watt alipotafuta kipimo cha kuuzia injini zake za mvuke, alilinganisha na farasi kwa sababu wateja wake walijua farasi. Farasi mmoja wa kipimo cha metriki ni kuinua kilo 75 kwa mita moja kwa sekunde moja. Hiyo tu. Kuinua uzito, kwa kimo, kwa muda. Na Gusii kitu tusichokosa ni kimo.

Tulichagua kipande cha mlima chenye mteremko ulio sawa, murram iliyoshikana, mita 200 kwa kamba ya fundi wa nyumba. Kimo tulikipima kwa mpira wa maji, ule unaotazamisha msingi wa nyumba: mpira wa mita kumi unaona ndani, maji yanajisawazisha pande zote mbili, unasoma tofauti, unasogea. Mara ishirini. Jumla ilitoka mita 16.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na sehemu kubwa ya asubuhi ilikuwa kueleza. Bobasi mashamba ni madogo na yamegawanywa mpaka mtu anajua mpaka wake kwa migomba. Ukionekana barabarani na kamba, vijiti na daftari, watu wanajua jambo moja pekee: barabara inapanuliwa na ua lako linaenda. Mama mmoja alikuja na panga mkononi, akiwa kweli anatoka kukata nyasi, lakini hakuiweka chini. Omogaka akamwambia tunapima farasi. Mama akatazama huku na huku kutafuta farasi, akacheka, akaenda kutuitia wengine.

Tukapakia mawe nyuma, tukaingia wawili. Gia ya pili, mguu hadi sakafuni tangu mbali ili mwendo uwe umetulia kabla ya kijiti cha kwanza, na kijana wa boda na simu yake kwenye cha pili. Mara tatu. Wastani wa sekunde 22. Mawe yale tuliyarundika nyuma ya gereji na nikakataza mtu yeyote asiguse.

Ndipo injini ikashuka.

Nisingeweza kukueleza wiki saba zilizofuata kwa mpangilio, kwa sababu hazikuwa na mpangilio. Kulikuwa na siku za kungoja fundi wa mashine Kisii, na siku za mvua ambapo Omogaka hafungui kitu chochote chenye silinda wazi. Lakini vipimo ninavyo. Silinda za A12 zinatoka kiwandani na kipenyo cha milimita 73. Ya tatu ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka imekuwa yai. Ilibidi zote nne zipekechwe hadi 73.5, ziwekewe pistoni za saizi hiyo, na kwa hivyo injini ikakua kutoka sentimita 1,171 hadi 1,188. Kranki ilisagwa robo ya milimita na kupata beringi nene zaidi. Hedi tuliilaza chini ya rula ya chuma na fila ya milimita 0.1 ikapita katikati kama barua chini ya mlango. Ikasawazishwa. Makalio ya valvu za ekzosi yalikuwa yamezama. Gari hili lilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, na ile risasi, pamoja na sumu yake yote, ilikuwa inalinda hayo makalio. Petroli hiyo ilikwisha kuondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Yakawekwa makalio magumu mapya.

Pistoni nilizifuata Nairobi mwenyewe, Kirinyaga Road, ambayo mafundi wa umri wa Omogaka bado wanaiita Grogan. Muuzaji alinitolea boksi bila kuuliza mara mbili, akapuliza vumbi, akauliza, "Ya babu?" Nikasema ndiyo. Akashusha bei kidogo. Kidogo sana, tusimsifu.

Wakati huo wote kila mtu alikuwa na maoni. Vijana wa stendi walitaka tuweke injini ya Toyota, ama tuweke kabureta mbili, ama angalau ekzosi yenye sauti. Siwalaumu, hata mimi kwenye simu yangu zimejaa video za Datsun ndogo zinazozunguka mara 8,000 kwa dakika na kulia kama nyuki. Niliwahi kumwonyesha Omogaka moja. Aliitazama mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hiyo inakimbia nani?"

Kisha akanieleza, akiwa ameshika kemushafti ya zamani dhidi ya mwanga. Ukichonga zile nundu ziwe refu, injini inapumua vizuri ikikimbia sana na inakohoa ikienda polepole. Mlima wa Nyacheki, na mzigo wa ndizi, na ng'ombe katikati ya barabara, hauendi mbio. Unataka nguvu chini, pale injini inapozunguka mara 2,000 au 3,000. Kwa hivyo kemushafti ilibaki ile ile, ikasuguliwa tu. Mgandamizo hatukuupandisha, kwa sababu petroli ya chupa kutoka dukani huwezi kuijua imechanganywa na nini. "Injini ya upole," aliiita. "Mtu mpole hafanyi kazi kidogo. Anafanya kila siku."

Kazi na spea vilifika 57,300. Nilikuwa nalipa kidogo kidogo, na kila nilipotuma pesa nilijua ninatuma nini. Karo haikuwa tena kitu cha muhula ujao. Tata alijua pia. Jioni moja alikaa kando yangu nikiandika maelezo ya godoro la mtu wa Kanada, akaniuliza kama nina uhakika, nikasema hapana, akasema sawa, akabaki amekaa.

Tata na Sokoro hawakuwa wanaongea miaka ya mwisho. Jambo la shamba, kama kawaida, na si hadithi yangu kuisimulia. Lakini siku ya kurudisha injini ndani, Omogaka alipoita mtu wa kushika upande wa pili, aliyeinuka ni Tata, na shati lake la kanisani. Alijua bila kuambiwa boliti gani inatangulia. Nikamuuliza alijifunza lini. Akasema, "Nani unadhani alikuwa anamshikia tochi?"

Iliwaka mara ya pili. Moshi wa kwanza ulikuwa mafuta ya kuundia, ukaisha. Omogaka alikaza hedi tena ilipopoa, akapanga tapeti, akanikataza kwa wiki mbili nisiende mwendo mmoja kwa muda mrefu na nisiipakie chochote, ili ringi na silinda zizoeane. Geji ikasoma 140, 138, 140, 142. Nilizipiga picha. Ile nambari ya tatu nimeitazama kuliko picha yoyote ya mtu.

Ndipo tukarudisha mawe. Safari hii tulipitia kwenye mizani ya malori: gari, mawe, mimi na Omogaka, kilo 1,250. Na kwa kuwa barabara nayo inakula nguvu hata bila mlima, tulikwenda kwenye tambarare ya uwanja, tukafunga kamba mbele, katikati ya kamba tukaning'iniza mizani ya kupimia majani chai, na vijana wanne wakalivuta polepole. Sindano ilicheza karibu na kilo 25.

Mlimani, gia ya pili, mguu sakafuni, mara tatu. Sekunde 13 na nusu.

Hesabu ni hii, fanya nami. Kilo 1,250 kwa mita 16 ni 20,000. Gawanya kwa sekunde 13.5, kisha kwa 75: farasi 19.75 wa kupanda. Ongeza barabara: kilo 25 kwa mwendo wa mita 14.8 kwa sekunde, gawanya kwa 75, farasi karibu 5. Jumla 25 kwenye magurudumu, na upepo tukauacha uende na chake. Kabla ya kufungua injini, kwa sekunde 22, hesabu ileile inatoa 15.

Nissan walitangaza karibu 68. Watu wa stendi waliposikia 25 walicheka sana, na ikabidi nisimame nieleze. Zile za kiwandani za wakati huo zilipimwa injini ikiwa uchi, mezani, bila feni, bila sailensa ya gari, usawa wa bahari, ikizunguka mara 6,000. Toa hewa ya milimani, kati ya asilimia 15 na 20. Toa kinachopotea kwenye gia na difu. Toa yale mazunguko ambayo sisi hatukuyafikia na hatutaki kuyafikia. Ukimaliza kutoa, 25 si aibu. Boda ya sisi 150 ina karibu 12, kwa hiyo tuna boda mbili zinazovuta pamoja, na paa juu.

Anko alifika Oktoba kama alivyoahidi. Alifungua boneti, akatazama, akasema rangi ya hedi ni nzuri. Halafu akaleta swali ambalo injini haiwezi kujibu: kitabu cha gari bado kina jina la marehemu, na kitu cha marehemu hakina mwenyewe mpaka korti iseme. Ana haki. Tumefungua faili ya urithi, sisi wote, na pikapu imeandikwa humo kwenye mstari wake, baada ya shamba na kabla ya ng'ombe. Inaweza kuamuliwa iuzwe. Bei sasa haitakuwa 27,000, hilo anko mwenyewe amelisema, na sina hakika kama lilinifurahisha.

Kwa sasa inabeba. Magokoro hapendi farasi wangu, anataka kujua mikungu. Nikamwambia arobaini, mlima mzima, bila kushuka gia ya kwanza. Akahesabu kimya, akasema basi pakia thelathini na tano.

Barua ya chuo niliituma, nikiomba mwaka mmoja zaidi. Bado hawajajibu. Kuna mafuta kidogo yanadondoka nyuma ya kranki, tone moja kwa usiku, na Omogaka anasema tusiguse mpaka yawe mawili.